John Nagenda: Mzaliwa wa Gahini aliyecheza Kombe la Dunia la kriketi mwaka 1975

Jumamosi ya tarehe 14 Juni 1975, katika uwanja wa Edgbaston mjini Birmingham, mrushaji mpira mwenye umri wa miaka 37 alikabidhiwa mpira ili aikabili timu ya taifa ya Uingereza katika Kombe la Dunia la kwanza la kriketi. Alikuwa akiichezea timu ya Afrika Mashariki. Alirusha ova 9, wapigaji wa Uingereza wakajipatia mikimbio 50 kutokana na mipira yake, naye akamtoa mpigaji mmoja. Huo ulikuwa mchezo wake wa kwanza wa kimataifa wa siku moja, na ulikuwa pia wa mwisho.

Jina lake ni John Nagenda. Waganda wanamkumbuka zaidi kama mwandishi, mshauri wa Rais Yoweri Museveni na mwandishi wa safu ya gazetini iliyosomwa kwa hamu na kwa hasira. Wapenzi wa kriketi wanamkumbuka kwa siku ile ya Edgbaston. Nchini Rwanda ni wachache wanaomkumbuka kwa lolote, ingawa kumbukumbu za mchezo huo zinaonyesha kwamba alizaliwa tarehe 25 Aprili 1938 Gahini, mahali ambapo leo ni katika Wilaya ya Kayonza, Mkoa wa Mashariki.

Alicheza Kombe la Dunia miaka 24 kabla ya Rwanda kuunda chama chake cha kriketi.

Misheni ya kando ya Ziwa Muhazi

Msafiri anayetoka Kigali kuelekea mashariki hufika Kayonza, penye njia panda. Barabara moja huelekea Rusumo na mpaka wa Tanzania, nyingine hukata kushoto kwenda Nyagatare. Akishika hiyo ya pili hatakwenda mbali kabla ya kuuona mkono wa mashariki wa Ziwa Muhazi, na juu yake kilima cha Gahini chenye kanisa, shule na hospitali. Misheni hiyo ya Kianglikana ilianzishwa katika miaka ya 1920, wakati Rwanda ilipokuwa chini ya utawala wa Wabelgiji. Wamisionari wake, hata hivyo, walikuwa Waingereza, na wasaidizi wao wengi walitoka Buganda. Ndiyo sababu Gahini ilikuwa mahali pa pekee: katika nchi ambamo shughuli za serikali ziliendeshwa kwa Kifaransa na kanisa lenye nguvu lilikuwa la Kikatoliki, kilima hicho kilikuwa na uso ulioelekea Kampala.

Daktari Joe Church, aliyefika Gahini mwaka 1928, ndiye anayetajwa sana katika historia ya mahali hapo. Lakini uamsho wa kidini ulioanzia Gahini na kuenea Uganda, Tanganyika, Kenya, Burundi na hadi Sudan ulibebwa hasa na Waafrika. Mmoja wao, Blasio Kigozi, Mganda aliyefundisha Gahini, alifariki dunia Januari 1936 akiwa bado kijana. Mwingine alikuwa William Nagenda, msomi wa Buganda aliyekuwa karani wa serikali kabla ya kuokoka na kuhamia Gahini kufanya kazi ya uinjilisti. Wafuasi wa uamsho huo waliitwa Balokole kwa Kiganda na Abarokore kwa Kinyarwanda. Waswahili wakalichukua neno hilo hilo wakasema walokole.

John alikuwa mtoto wa William. Hakuzaliwa Rwanda kwa sababu ya asili ya ukoo. Alizaliwa hapa kwa sababu baba yake alikuwa kazini hapa. Wasikilizaji wengi wa Kiswahili mjini Kigali, ambao wazazi wao walizaliwa Bukoba, Bujumbura, Bukavu au Mbarara kwa sababu zisizotofautiana sana na hiyo, hawatahitaji maelezo marefu juu ya jambo hilo. Nagenda alikuwa Mganda, na hakuwahi kudai vinginevyo. Rwanda haiwezi kumhesabu kuwa mchezaji wake. Lakini wasifu wake hauwezi kuandikwa bila Gahini, kwa maana kila kilichofuata, yaani shule, Kiingereza na hatimaye kriketi, kilipitia katika mlango ule wa misheni.

Familia haikukaa Gahini daima. William Nagenda alirudi Uganda kusomea uchungaji katika Chuo cha Askofu Tucker, Mukono. Mwaka 1941 alifukuzwa pamoja na wanafunzi wenzake zaidi ya 20, kwa kuwa hawakukubali kuacha kuhubiri na kusali alfajiri kinyume cha amri ya mkuu wa chuo. Hakupata kuwa mchungaji aliyewekwa wakfu. Badala yake alijenga makao Namutamba, karibu na Mityana, kwenye shamba kubwa la familia ya Waingereza waliokuwa walokole wenzake, na kutoka hapo akawa mhubiri aliyesafiri hadi Ulaya na India. Alifariki mwaka 1973, miaka miwili kabla ya mwanawe kucheza Edgbaston.

Mtu anayesoma habari za baba na za mwana huona njia mbili zilizoachana. Baba aliacha kazi ya serikali ili ahubiri toba. Mwana aliandika riwaya, akacheza mpira, akaingia katika siasa na kutumikia ikulu. Hata hivyo kuna kitu kilichobaki katika damu: wote wawili walikuwa watu wa maneno, na wote wawili hawakuogopa kumuudhi mwenye mamlaka pale walipoamini kwamba amekosea.

Kutoka Budo hadi Makerere

John Nagenda alisoma katika Chuo cha King's, Budo, shule iliyojengwa kwenye kilima ambako wafalme wa Buganda walitawazwa. Katika Uganda ya wakati huo kriketi ilikuwa na vyanzo viwili. Chanzo cha kwanza kilikuwa shule kama Budo na Mwiri, ambako walimu Waingereza waliwafundisha vijana wa Kiafrika mchezo huo pamoja na Kilatini na nidhamu ya bweni. Cha pili kilikuwa jumuiya za Wahindi na Wagoa mijini, waliokuwa na klabu zao, viwanja vyao na mashindano yao. Kwa muda mrefu mashindano makubwa nchini humo yalipangwa kwa rangi na asili: Wazungu upande wao, Waasia upande wao, Wagoa upande wao, Waafrika upande wao. Mchezaji wa Kiafrika aliyetaka kufika mbali alilazimika kuwa hodari kuliko majirani waliokuwa na vifaa na muda zaidi.

Nagenda alikuwa mrefu, na alirusha mpira kwa mkono wa kulia kwa kasi ya wastani inayokaribia kasi kubwa. Warushaji wa namna hiyo walikuwa adimu katika kanda iliyozoea warushaji wa mipira ya polepole yenye kuzunguka.

Kutoka Budo alifika Makerere, na huko jina lake lilianza kusikika nje ya uwanja. Alikuwa miongoni mwa wahariri wa jarida la wanafunzi lililoitwa Penpoint, ambalo lilichapisha maandishi ya awali ya vijana waliokuja kuwa waandishi wakubwa wa Afrika Mashariki, akiwemo Ngũgĩ wa Thiong'o aliyekuwa akijulikana wakati huo kama James Ngugi. Juni 1962 Makerere ilikuwa mwenyeji wa mkutano maarufu wa waandishi wa Kiafrika wanaoandika kwa Kiingereza. Walifika Chinua Achebe, Wole Soyinka, Christopher Okigbo, Ezekiel Mphahlele na, kutoka Marekani, Langston Hughes. Nagenda alikuwemo miongoni mwa vijana wenyeji.

Msomaji wa Kiswahili ataruhusiwa kunung'unika kidogo hapa. Shaaban Robert alikuwa angali hai mkutano huo ulipofunguliwa, nyumbani kwake Tanganyika, akiwa na vitabu vingi zaidi ya karibu kila aliyealikwa. Lakini aliandika kwa Kiswahili, na masharti ya mkutano yalikuwa Kiingereza. Alifariki mwezi huo huo.

Baada ya masomo Nagenda alifanya kazi ya uchapishaji wa vitabu, kisha akaendelea kuandika. Mwaka 1973 kilitoka kitabu chake cha watoto kiitwacho Mukasa, juu ya mvulana wa kijijini Uganda na safari yake ya kuipata elimu. Mwaka 1986 ikafuata riwaya yake, The Seasons of Thomas Tebo, inayomfuata kijana mmoja katika misukosuko ya Uganda baada ya uhuru. Hakuwa mwandishi wa vitabu vingi, na wapo wanaoona kwamba siasa na magazeti vilimwibia riwaya alizopaswa kuziandika.

Timu ya nchi nne

Kombe la Dunia la kwanza la kriketi lilichezwa nchini Uingereza kuanzia tarehe 7 hadi 21 Juni 1975. Timu zilikuwa 8. Sita zilikuwa za mataifa yenye hadhi ya kucheza mechi za majaribio za siku nyingi, na mbili zilialikwa kujaza nafasi: Sri Lanka na Afrika Mashariki. Afrika Kusini haikuwepo, kwa kuwa ilikuwa imetengwa kutokana na ubaguzi wa rangi.

Timu ya Afrika Mashariki ilikuwa na wachezaji 14 kutoka Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia. Nahodha alikuwa Harilal Shah wa Kenya. Wengi wao walikuwa wa asili ya Kihindi na Kipakistani, watu wenye kazi zao za kila siku waliocheza kriketi mwishoni mwa wiki. Walikuwepo Wazungu wawili: Hamish McLeod wa Zambia na Don Pringle wa Kenya. Waafrika weusi pia walikuwa wawili tu, na wote walitoka Uganda: Samuel Walusimbi na John Nagenda.

Hilo la kutoka Uganda si jambo dogo. Miaka mitatu kabla yake, Agosti 1972, Idi Amin alikuwa amewapa Waasia siku 90 za kuondoka nchini. Pamoja na maduka na viwanda, Uganda ilipoteza klabu za kriketi, makocha, waamuzi na sehemu kubwa ya wachezaji wake bora. Mchezo ulibaki mikononi mwa Waafrika wachache waliofunzwa shuleni. Kwa hiyo wachezaji wawili kutoka Uganda walioonekana Birmingham mwaka 1975 walitoka katika mchezo uliokuwa umevunjwa mgongo.

Matokeo yalikuwa magumu. Katika mechi ya kwanza, tarehe 7 Juni, New Zealand ilipata mikimbio 309, na mpigaji wake Glenn Turner peke yake alipata 171 bila kutolewa. Afrika Mashariki ikajibu kwa 128. Siku nne baadaye, mjini Leeds, walipata mikimbio 120 dhidi ya India, nao Sunil Gavaskar na Farokh Engineer wakaipita idadi hiyo bila hata mmoja wao kutolewa. Katika mechi hiyo Bishan Bedi wa India alirusha ova 12 akatoa mikimbio 6 tu, hesabu ambayo bado huwashangaza wanaoisoma.

Nagenda hakucheza mechi hizo mbili. Alipangwa katika ya tatu, dhidi ya wenyeji. Uingereza ilianza kupiga na kukusanya mikimbio 290 kwa kupoteza wiketi 5. Dennis Amiss alipata 88, Barry Wood 77 na Frank Hayes 52. Wiketi tatu kati ya hizo tano zilichukuliwa na Zulfiqar Ali, moja na Mehmood Quraishy na moja na Nagenda. Katika siku ambayo wapigaji wa Uingereza walifanya walivyotaka, kutoa mikimbio 50 kwa ova 9 hakukuwa aibu. Lilikuwa jambo la kawaida la mrushaji anayecheza na watu wanaoifanya kazi hiyo kila siku.

Zamu ya Afrika Mashariki ya kupiga haikuchukua muda kuharibika. John Snow, mrushaji wa kasi wa Uingereza, alitoa wapigaji wanne kwa mikimbio 11 tu. Ramesh Sethi alijitahidi akafikisha 30, alama ya juu kwa upande wao. Wote walitolewa kwa mikimbio 94, na Uingereza ikashinda kwa tofauti ya mikimbio 196. Timu ikarejea nyumbani. Oktoba ya mwaka huo Don Pringle alifariki katika ajali ya gari mjini Nairobi. Mwanawe, Derek, alikuja baadaye kuichezea timu ya taifa ya Uingereza.

Timu ya Afrika Mashariki haikushiriki tena Kombe la Dunia. Nchi zilizoiunda zilikwenda kila moja njia yake.

Kalamu na ikulu

Museveni alipotwaa madaraka Januari 1986, Nagenda alikuwa mmoja wa Waganda wasomi walioungana naye. Mwaka huo huo aliteuliwa kuwa mjumbe wa tume ya kuchunguza ukiukwaji wa haki za binadamu, chini ya uenyekiti wa Jaji Arthur Oder. Tume hiyo iliwasikiliza mashahidi juu ya mauaji, mateso na watu kupotezwa tangu uhuru wa Oktoba 1962 hadi Januari 1986, na ripoti yake ilitoka mwaka 1994. Kwa mtoto wa mhubiri wa toba, kukaa miaka hiyo yote akisikiliza waliotenda na waliotendewa huenda kulikuwa karibu zaidi na kazi ya baba yake kuliko chochote alichokifanya.

Baadaye akawa mshauri mwandamizi wa rais katika masuala ya habari. Safu yake, One Man's Week, ilitoka kila Jumamosi katika gazeti la New Vision la Kampala. Humo aliitetea serikali kwa ulimi mkali, akawachapa wapinzani, na mara nyingine akaigeuzia fimbo serikali ile ile iliyomwajiri. Wapo waliomwona mtu huru, wapo waliomwona mpambe mwenye Kiingereza kizuri. Hata wasiokubaliana naye walimsoma. Na katikati ya siasa hakuacha kuandika juu ya kriketi: alama za mechi za Uingereza, ubora wa mrushaji fulani, uzembe wa mwingine.

Alifariki mjini Kampala tarehe 4 Machi 2023, akiwa na umri wa miaka 84.

Mchezo wafika Rwanda

Nagenda alipokuwa mtoto Gahini hapakuwa na kriketi ya kuonekana nchini Rwanda. Ilifika baada ya Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, ikiletwa na Wanyarwanda waliorejea kutoka uhamishoni Uganda, Kenya na Tanzania, ambako baadhi yao waliujifunza mchezo shuleni, kama alivyojifunza yeye. Chama cha Kriketi cha Rwanda kiliundwa mwaka 1999, na mwaka 2003 kikapokewa katika Baraza la Kimataifa la Kriketi.

Uwanja wa kwanza mjini Kigali ulikuwa katika shule ya ufundi ya ETO Kicukiro. Jina hilo linabeba uzito wake: Aprili 1994 zaidi ya watu 2,000 waliokuwa wamekimbilia hapo waliachwa na wanajeshi wa Ubelgiji wa kikosi cha Umoja wa Mataifa, kisha wakaswagwa hadi Nyanza ya Kicukiro na kuuawa. Kwa miaka mingi vijana walicheza kriketi kwenye nyasi hizo wakijua vyema waliposimama.

Kutafuta uwanja mwingine kulizaa habari zilizovuka mipaka. Mei 2016 nahodha wa timu ya taifa, Eric Dusingizimana, mhandisi wa ujenzi, alisimama akipiga mpira kwa saa 51 katika Petit Stade, Remera, ili kuchangisha fedha, akavunja rekodi ya dunia. Februari 2017 Cathia Uwamahoro akapiga kwa saa 26, rekodi ya wanawake. Oktoba mwaka huo Rais Paul Kagame alifungua uwanja wa Gahanga, wenye mapaa matatu ya matao yaliyojengwa kwa vigae vya udongo wa hapa hapa. Mapaa hayo hufuata njia ya mpira unaodunda, na pia huwakumbusha wengi vilima vya nchi.

Timu ya kwanza kutoka Rwanda kufika Kombe la Dunia la kriketi ilikuwa ya wasichana. Januari 2023, huko Afrika Kusini, wasichana wa Rwanda wa chini ya miaka 19 wakiongozwa na Gisele Ishimwe waliishinda Zimbabwe, na siku chache baadaye wakaishinda West Indies. Nagenda alikuwa angali hai, akiwa amebakiza wiki chache.

Mechi ambayo ingemgusa zaidi hakuiona. Tarehe 30 Novemba 2023, mjini Windhoek, Uganda ilihitaji ushindi mmoja ili kufuzu kwa mara ya kwanza Kombe la Dunia la wanaume la mchezo wa ova 20. Mpinzani alikuwa Rwanda. Wanyarwanda walitolewa wote kwa mikimbio 65, na Uganda ikaifikia idadi hiyo kwa kupoteza wiketi moja tu. Juni 2024, nchini Guyana, Uganda ikaifunga Papua New Guinea kwa wiketi 3, huku Frank Nsubuga, mwenye umri wa miaka 43, akitoa mikimbio 4 tu katika ova zake 4 na kuchukua wiketi 2. Huo ulikuwa ushindi wa kwanza wa Uganda katika Kombe la Dunia. Timu ya mwaka 1975 iliondoka Uingereza bila ushindi hata mmoja.